‘Niko sawa, Mama’: Mzigo asiousema muuguzi aliye ng’ambo

NI saa mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Desemba, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Jua ndilo kwanza linachomoza. Muuguzi aliyekesha kazini ameketi ndani ya basi, sare yake imefunikwa na koti zito. Kilifi, alikozaliwa, ni saa tano na nusu, na mama yake amekwisha kurudi kutoka sokoni. Simu inalia.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umeamkaje huko?”

“Niko sawa, Mama. Ndiyo natoka kazini.”

Mazungumzo yanahamia kwa karo ya Januari, kwa mabati yaliyoanza kuvuja, na kwa shangazi aliyelazwa hospitalini tangu Jumanne. Baada ya dakika saba wanaagana.

Muuguzi hakusema kwamba saa kumi alfajiri mzee aliyemhudumia kwa wiki tatu alikata roho akiwa amemshika mkono, bila jamaa yake hata mmoja kando ya kitanda. Hakusema kwamba binti ya marehemu alipofika alimpita na kuomba kuzungumza na “muuguzi wa kweli.” Wala hakusema kwamba alijifungia chooni kulia, akajipa dakika mbili tu, kwa kuwa kengele ya mgonjwa mwingine ilikuwa ikilia.

Muuguzi huyu hana jina kwa sababu si mtu mmoja. Ni mfano uliokusanywa kutokana na mambo yanayowapata wengi waliovuka bahari na vyeti vyao mkobani. Jibu lake, “niko sawa,” limezoeleka katika familia nyingi zenye mtoto ughaibuni. Anayelitoa humkinga aliye nyumbani asipate wasiwasi. Lakini naye hubaki na mzigo wote peke yake.

Swali ambalo hospitali nyingi za Uingereza zimelazimika kulijibu miaka ya karibuni ni hili: nani atamuuliza muuguzi huyu hali yake, na atamuuliza vipi, ili jibu lisiwe lile lile?

Safari ya vyeti na mitihani

Mnamo Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwawezesha wahudumu wa afya wa Kenya waliohitimu lakini hawana ajira kufanya kazi katika nchi hiyo. Kundi la kwanza la wauguzi chini ya mpango huo liliondoka mwaka 2022. Baada ya mkataba kutiwa saini, Uingereza iliiweka Kenya katika orodha ya nchi ambazo waajiri wake hawaruhusiwi kuwatafuta wauguzi kiholela, ila kwa kufuata makubaliano ya serikali hizo mbili. Wengine huomba kazi moja kwa moja wao wenyewe. Milango mingine nayo imefunguka: Ghuba imekuwa ikiwachukua wauguzi wa Kenya kwa miaka mingi, na Septemba 2024 Kenya ilitia saini mkataba wa ajira na Ujerumani.

Anayekwenda Uingereza huanza na mtihani wa Kiingereza, kisha mtihani wa kompyuta, kisha, akishafika, mtihani wa vitendo unaofahamika kama OSCE. Hapo anapita kituo baada ya kituo akionyesha jinsi anavyompima mgonjwa, anavyotoa dawa na anavyoandika ripoti. Akifaulu ndipo husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga la nchi hiyo, NMC.

Kabla ya usajili huo, hata aliyekuwa mkongwe wa wodi nyumbani hufanya kazi kama msaidizi, kwa mshahara wa daraja la chini. Akishasajiliwa, wengi huanzia daraja la 5, ambalo pia ndilo la muuguzi aliyetoka chuoni juzi. Muuguzi wa mfano wetu alifanya kazi Kilifi kwa kandarasi za muda kwa miaka tisa. Usiku alikuwa akiangalia wodi nzima akiwa na mwenzake mmoja tu, akitia kanula gizani umeme ulipopotea. Sasa haruhusiwi kutia kanula hadi apimwe na kuidhinishwa upya. Sheria hiyo ina maana yake, kwa kuwa inamlinda mgonjwa. Lakini humfanya mtu mzima ajione kama mwanafunzi.

Mambo madogo yanayochosha

Uchovu wa muuguzi mgeni hautokani na zamu za saa kumi na mbili peke yake. Hutokana pia na mambo madogo yasiyoandikwa kwenye mkataba.

Nyumbani, jamaa ndio humwogesha mgonjwa, humlisha na kumgeuza kitandani. Kule kazi hiyo ni ya wodi, na wazee wengi hupitisha siku bila mgeni. Nyumbani, kumwinamishia mkubwa macho ni adabu. Kule msimamizi anaweza kuandika kwamba muuguzi “hajiamini.” Nyumbani, amri hutolewa kama amri. Kule hutolewa kama ombi la upole, na asiyejua hilo hudhani ana hiari ya kukataa. Simu ya wodi ikilia, mtu aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne hujikuta akiogopa kuipokea, kwa sababu lafudhi ya upande wa pili haifanani na ile aliyoisikia darasani.

Kuna pia ubaguzi. Tangu mwaka 2015, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, imekuwa ikipima jinsi wafanyakazi weusi na wengine wa jamii za wachache wanavyotendewa. Mwaka baada ya mwaka, vipimo hivyo vimeonyesha kuwa wao ndio wanaoripoti zaidi kubaguliwa kazini kuliko wenzao weupe.

Juu ya yote ipo viza. Mwajiri ndiye mdhamini wa viza ya muuguzi. Kazi ikikatika, kwa kawaida hupewa siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Baadhi ya mikataba humtaka arudishe sehemu ya gharama za kuajiriwa kwake akiacha kazi mapema. Mtu mwenye deni la Sacco nyumbani na kifungu kama hicho kwenye mkataba wake hafikirii mara mbili anapoulizwa na mkubwa wake kama ana tatizo. Hujibu kwamba yuko sawa.

Neno linalotisha

Dawa mojawapo inayotumiwa ni kile ambacho wataalamu hukiita usimamizi wa tafakuri. Ni muda maalumu ndani ya saa za kazi ambapo muuguzi huketi na mwenzake aliyefunzwa, wawili peke yao au katika kikundi kidogo, ili aangalie kazi aliyoifanya, jinsi ilivyomgusa, na kile anachoweza kujifunza kutoka kwayo.

Tatizo la kwanza ni jina lenyewe. Kwa muuguzi aliyelelewa katika hospitali zetu, usimamizi ni ukaguzi. Ni timu kutoka makao makuu ya kaunti inayofika na karatasi ya kuweka alama, ikihesabu dawa stoo na kufungua vitabu vya kumbukumbu. Ni kuitwa ofisini. Na anayeitwa ofisini huenda akijiuliza amekosa nini. Muuguzi kama huyo akipokea barua ya kumwalika kwenye usimamizi wiki ya pili ya kazi, huenda akafika na majibu aliyokwisha kuyakariri.

Katika uuguzi wa Uingereza neno hilo limebeba maana pana zaidi. Katika miaka ya 1980, Brigid Proctor, mtaalamu wa ushauri nasaha, alieleza kuwa usimamizi mzuri una kazi tatu. Ya kwanza ni kulinda viwango vya kazi. Ya pili ni kumkuza mfanyakazi katika ujuzi wake. Ya tatu ni kumrudishia nguvu, kwa sababu anayebeba maumivu ya wengine kila siku huishiwa. Hiyo kazi ya tatu ndiyo iliyosahaulika zaidi. Utafiti wa mwanasaikolojia Sonya Wallbank miongoni mwa wakunga na wauguzi wanaozitembelea familia zenye watoto wachanga ulionyesha kuwa vikao vya aina hiyo vilipunguza msongo na uchovu wa walioshiriki.

Wakunga wa England ndio waliotangulia. Mwaka 2017 mfumo wa zamani wa sheria wa kuwasimamia ulikomeshwa, na mahali pake pakaja mpango mpya uliotenganisha msaada na adhabu. Machi 2021, baada ya mwaka mzima wa Covid-19, wauguzi nao wakapata mpango wao. Wauguzi waliochaguliwa walianza kusomea kozi ya kiwango cha uzamili ili wawe watetezi wa wenzao, maarufu kwa kifupi kama PNA. Lengo lililowekwa lilikuwa mtetezi mmoja kwa kila wauguzi 20. Mtetezi hubaki muuguzi wa wodi kama wengine, ila hutengewa saa za kuwasikiliza wenzake.

Ndani ya kikao

Tumrudie muuguzi wetu. Siku nne baada ya kifo cha yule mzee, anaingia kwenye chumba kidogo kisicho na kompyuta wala mafaili. Wameketi wauguzi sita kwa duara, mmoja kutoka Kerala, mwingine Manila, mwingine Lagos. Simu zimezimwa. Wodini kuna waliobaki kuwashikia zamu, na saa hii inalipwa kama kazi.

Mtetezi anaanza kwa makubaliano. Kinachosemwa humo hakitoki. Hakiandikwi kwenye faili la mtu wala hakipelekwi kwa msimamizi wa wodi. Kuna mpaka mmoja, naye anautaja wazi: ikidhihirika kuwa mgonjwa au muuguzi mwenyewe yuko hatarini, hatua itabidi ichukuliwe, na mhusika ataambiwa kwanza. Mwenye kusikia mpaka huo mapema huamini zaidi kuliko aliyeahidiwa siri isiyo na kikomo.

Kisha anauliza nani ana jambo. Kimya. Muuguzi wetu anasema ana jambo dogo tu.

Vikao vingi hufuata hatua alizozieleza Graham Gibbs mwaka 1988. Kwanza, ni nini kilichotokea? Anasimulia usiku ule tangu alipopokea zamu. Pili, ulihisi nini? Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa hawakuwahi kuulizwa swali hilo kazini. Anasema alihisi aibu. Anafikiria kidogo, kisha anasema hapana, ilikuwa hasira, na nyuma ya hasira alimwona baba yake, aliyefariki mwaka uliopita yeye akiwa huku, akatazama mazishi kwenye simu.

Hakuna anayemkatiza au kumwambia ajikaze. Mwenzake wa Lagos anauliza swali moja: “Alipokata roho, nani alikuwa naye?”

“Mimi.”

“Ulifanya nini?”

“Nilimshika mkono. Nilimwambia nipo.”

Hatua zinazofuata ni za kupima na kuchambua: nini kilikwenda vizuri, nini hakikwenda, na kwa nini. Kikundi kinatenganisha mambo matatu aliyokuwa ameyabeba kama furushi moja. Kuna kazi yake kwa mgonjwa, ambayo aliifanya vyema. Kuna maneno ya binti, ambayo yalikuwa ya kibaguzi hata kama yalitoka kwa mtu mwenye majonzi. Na kuna msiba wake mwenyewe, ambao hakupata nafasi ya kuuomboleza.

Hatua ya mwisho ni mpango. Anaamua kuripoti yale maneno, mtetezi akiwa naye. Anaamua kuomba tarehe ya kupimwa ili aruhusiwe kutia kanula. Kuhusu baba yake, anaambiwa mahali pa kumpata mshauri nasaha wa wafanyakazi. Saa imekwisha. Wanarudi wodini.

Mzee hajafufuka na daraja la mshahara ni lile lile. Lakini kilichoingia chumbani kama kosa lake kimetoka kikiwa na majina yake halisi.

Si dawa ya kila kitu

Kikao cha tafakuri kina mipaka, na muuguzi anayejiandaa kusafiri afaa kuijua.

Kwanza, si tiba. Mtu ambaye kwa majuma mawili mfululizo hapati usingizi, hali chakula, haoni furaha katika chochote, au anawaza kujidhuru, anahitaji daktari, tena haraka. Mtetezi mzuri hutambua hilo na kumwelekeza.

Pili, hakifai kuwa cha mara moja. Miongozo ya tiba ya Uingereza haishauri kumketisha mtu mara moja tu baada ya tukio la kutisha na kumtaka alieleze lote kama njia ya kuzuia maradhi ya kiwewe. Kinachosaidia ni mahali pa kurudi, mwezi baada ya mwezi, na watu wale wale.

Tatu, hakifanyi kazi mikononi mwa mtu asiyefaa. Msimamizi ambaye asubuhi anaandika tathmini ya utendakazi na jioni anauliza “unajisikiaje” hatapata jibu la kweli, hata awe na moyo mwema kiasi gani. Kwa muuguzi ambaye viza yake iko mikononi mwa mwajiri, utengano huo ndio msingi wa jambo zima.

Nne, hakizibi pengo la wafanyakazi. Wodi inayohitaji wauguzi wanane ikiwa na watano haiponywi kwa mazungumzo. Kikao kikitumiwa kumfundisha mtu avumilie kisichovumilika, hugeuka kuwa njia ya kumnyamazisha. Ndiyo maana mpango wa watetezi unahusisha pia kupeleka mbele kasoro zinazojirudia ili mazingira ya kazi yenyewe yarekebishwe.

Lipo pia pato la wazi. Kila baada ya miaka mitatu, muuguzi aliyesajiliwa na NMC hutakiwa kuthibitisha upya usajili wake. Miongoni mwa anavyowasilisha ni maandishi matano ya tafakuri kuhusu kazi yake, na mazungumzo ya tafakuri na muuguzi au mkunga mwenzake aliyesajiliwa. Mtu aliyezoea vikao hivi hana haja ya kukesha akitunga maandishi hayo siku za mwisho. Muhimu ni asiandike jina la mgonjwa wala chochote kinachomtambulisha.

Kabla ya kutia saini

Muuguzi anayefanyiwa mahojiano ya kazi ana haki ya kuuliza naye. Je, hospitali ina mtetezi wa wauguzi au mfumo kama huo? Vikao ni mara ngapi, na je, viko ndani ya saa za kazi? Nani huviongoza, na ana uhusiano gani na tathmini yangu? Nikiacha kazi, nitadaiwa kiasi gani, na hadi lini? Mwaka 2022 NHS ya England ilianzisha tuzo ya ubora kwa hospitali zinazowapokea vizuri wauguzi kutoka nje, na si vibaya kuuliza kama hospitali husika inayo.

Anayekwenda mahali pasipo na mpango wowote bado anaweza kujitengenezea. Wauguzi watatu au wanne wanaoaminiana, saa moja kila mwezi, kanuni ya siri, na zile hatua za Gibbs. Wakenya wanajua kuketi kwa duara. Chama huendeshwa hivyo hivyo, kwa zamu na kwa uaminifu, ila hapa kila mmoja huleta tukio la kazini badala ya hela. Vyama vya wauguzi Wakenya walioko Uingereza ni mahali pazuri pa kuwapata wenzako wa kuanza nao.

Familia nayo ina zamu yake

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi anayeficha huwa amefundishwa kuficha na waliomzunguka. Familia iliyouza ng’ombe au kuchanga ili mtoto asafiri hutaka kusikia kwamba imefaulu. Mtoto naye analijua hilo. Kila simu ikianza na karo na kuishia na mabati, atajifunza kwamba hiyo ndiyo sababu ya kupigiwa.

Mahitaji ya nyumbani ni ya kweli na hayawezi kusubiri daima. Kinachowezekana ni kuyatenga. Familia nyingine huchagua siku moja ya mwezi ya kuzungumzia pesa, na mtu mmoja wa kuyakusanya maombi yote ili simu kumi zisimpate mmoja. Siku nyingine huwa za salamu na habari tu.

Swali lenyewe nalo linaweza kubadilishwa. “Uko sawa?” ni swali lenye jibu tayari. “Leo ulimhudumia nani?” au “Nini kilikuchosha zaidi wiki hii?” hayana. Akijibu, si lazima apewe suluhisho wala kuambiwa wenzake wana shida kubwa zaidi. Inatosha kusikilizwa hadi mwisho. Na kama amekesha, inatosha pia kumwacha alale kwanza.

Jumapili iliyofuata, simu ililia tena Kilifi. Safari hii ilikuwa jioni, na muuguzi alikuwa mapumzikoni. Mama aliitikia salamu, kisha akanyamaza kidogo.

“Mwanangu, juzi sauti yako haikuwa yako. Kulikuwa na nini?”

Kwa muda hakukusikika kitu ila upepo wa upande wa huku.

“Mama,” akasema, “kuna mzee mmoja alifariki.”